Serikali ya Dunia? Kwanza Tumalize ya Ziwa

Kila baada ya muda huwa nakutana na mtu, aghalabu mwenzangu wa fani hii ya kompyuta, ambaye amechora serikali ya dunia. Sisi watengenezaji wa programu tuna ugonjwa huo: tukiona watu wamekosana, tunataka kuwachorea mfumo. Na michoro yenyewe inafanana. Bunge moja la dunia nzima, kura zinapigwa kwa simu, kisha ugomvi mkubwa unaanza. Je, kila nchi ipewe viti sawa, au viti vifuate idadi ya watu?

Nasema hivi: ugomvi huo wa viti ni wa kupotezeana wakati. Na sisi tunaoishi kando ya ziwa hili tunapaswa kuwa wa kwanza kusema hivyo, maana tumetawalwa na mamlaka za mbali tangu zamani.

Hebu tazama. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji huu ulikuwa Uganda. Mwaka uliofuata Mwingereza akasogeza mpaka, na watu waliokuwa wamekaa majumbani mwao wakajikuta upande wa pili, bila hata mmoja kufunga mzigo! Mwaka 1929 Mwingereza huyohuyo akabadilishana barua na Misri, wakakubaliana kwamba hakuna mradi wa kupunguza maji ya Nile utakaofanywa kwenye mto huo au maziwa yake bila idhini ya Misri. Mvuvi wa Dunga hakuulizwa. Huo ulikuwa ukoloni, mtasema, na hakuna aliyewahi kuuita wa haki. Sawa. Basi tuangalie tuliyojenga wenyewe.

Tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe pale Jinja mwaka 1954 (leo linaitwa Nalubaale), maji yanayotoka Ziwa Victoria hupita kwenye milango inayofunguliwa na kufungwa na mkono wa mtu. Yapo makubaliano kwamba maji yaachiliwe kwa kiasi kilekile ambacho mto ungetoa wenyewe bila bwawa. Kati ya mwaka 2004 na 2006 ukame ulibana, na maji yakaachiliwa zaidi ya kiasi hicho ili kuzalisha umeme. Ziwa likashuka, fuo zikabaki zimekauka. Mwaka 2020 likapanda hadi likavunja rekodi ya 1964, watu wa Nyando na Budalang'i wakahama nyumba zao. Sisemi kila lita ilitoka kwenye milango ya Jinja. Mwaka 2020 ilikuwa mvua hasa. Lakini yule anayeshika mlango anagusa maisha ya watu wa nchi tatu, na watu hao hawamchagui.

Haya, sasa leta fomula yako ya viti. Tukigawana kwa eneo la maji, Kenya ina asilimia 6 hivi ya ziwa. Tukigawana kwa nchi, ina theluthi moja. Chagua unayotaka! Katika hesabu zote mbili kiti kinajazwa na serikali ya Nairobi, na mama anayekausha omena Dunga anabaki palepale alipokuwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imechagua usawa wa nchi: wabunge tisa kila mmoja. Kwa hiyo Burundi ina viti tisa, na Kongo, kubwa kuliko zote kwa watu na kwa ardhi, ina tisa vilevile. Mnaweza kubishana hadi asubuhi kama hiyo ni haki. Mimi nimeacha kubishana, kwa sababu ya kisa kimoja kinachomhusu mtu wa huku kwetu.

Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 unasema wabunge hao tisa wachaguliwe na bunge la nchi yao. Mwaka 2006 vyama vya Kenya viligawana nafasi, majina yakapelekwa Arusha bila bunge lenyewe kupiga kura. Profesa Anyang' Nyong'o, ambaye ni gavana wa Kisumu tangu 2017, pamoja na wenzake kumi, wakaenda kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Hawakutumwa na serikali yoyote. Waliishtaki serikali yao wenyewe, wakipita kwenye kifungu cha 30 cha mkataba, kinachomruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufika mbele ya mahakama hiyo. Novemba 2006 mahakama ikazuia majina yale yasitambuliwe. Machi 2007 ikaamua kwamba Kenya ilivunja mkataba.

Jamani, huo ndio mfumo ukifanya kazi! Watu kumi na mmoja wameisimamisha serikali nzima, bila risasi hata moja.

Lakini soma tarehe vizuri. Desemba 2006, wiki chache tu baada ya lile zuio, kesi ikiwa bado haijaamuliwa, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania wakakutana na kuubadilisha mkataba. Mahakama ikagawanywa kuwa ngazi mbili, zikawekwa njia mpya za kumwondoa jaji, na raia akapewa miezi miwili tu ya kuleta malalamiko yake, zamani hakukuwa na ukomo kama huo. Chama cha mawakili cha Afrika Mashariki kilishtaki. Mwaka 2008 mahakama ikasema wananchi walipaswa kushirikishwa, ila haikuyafuta mabadiliko yale.

Mtengenezaji yeyote wa programu anaijua dhambi hii. Umeandika msimbo, ukaendesha majaribio, jaribio moja likakataa. Badala ya kurekebisha msimbo, unalihariri jaribio hadi likubali. Ofisini ukikamatwa unafukuzwa kazi. Huku juu wanapiga picha ya pamoja.

Wala si Afrika Mashariki peke yake. Mahakama ya SADC iliiambia Zimbabwe mwaka 2008 kwamba imewakosea wakulima walionyang'anywa mashamba. Mwaka 2010 wakuu wa nchi wakaisimamisha kazi, kisha wakaamua ile mpya isisikilize raia. Tanzania, mwenyeji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, iliondoa mwaka 2019 ruhusa ya raia wake kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Na Umoja wa Mataifa? Hati yake haibadilishwi bila idhini ya wale watano wenye kura ya turufu. Wenye neno la siri la msimamizi mkuu ndio haohao wanaopaswa kuchunguzwa.

Kwa hiyo mchoro wangu unaanzia mahakamani, bunge litafuata. Raia aingie moja kwa moja, na muda wake uhesabiwe kwa miaka. Kanuni za mahakama zisiguswe na serikali iliyo na kesi mbele yake. Mabadiliko yapite kwa kura ya wananchi, na yahusu kesi zijazo tu. Na kumbukumbu ziwe wazi: kila siku itangazwe ni maji kiasi gani yameachiliwa Jinja, mtoto wa shule Homa Bay aweze kujumlisha mwenyewe.

Halafu mamlaka yenyewe yawe machache. Maji, hewa, samaki, mipaka inayogombaniwa. Basi. Obote alipopinduliwa mwaka 1971 alikimbilia Tanzania, na Waganda wengi waliomkimbia Amin walivuka kuja Kenya. Dunia ikiwa na serikali moja yenye askari mmoja, mtu atavuka kwenda wapi? Wachoraji wa bunge la dunia swali hili hulipita kimya, nami silipiti, kwa kuwa katika kanda hii kila kizazi kimelihitaji jibu lake.

Najua mtasema nchi kubwa hazitakubali. Pengine. Lakini hata hizi zetu tatu hazijakubaliana juu ya Migingo, kijiwe cha nusu ekari hivi kilichojaa mabati, ambacho Kenya na Uganda zinakivutania tangu 2004. Mvuvi wa Kenya aliyefuata mbuta karibu na hapo, akanyang'anywa injini na nyavu na askari wa nchi nyingine, ana miezi miwili ya kufika mbele ya mahakama ya Arusha, na hana injini. Mwenye mchoro wa dunia nzima anionyeshe kwanza mtu huyu anaingilia wapi, na nani ana ufunguo wa mlango huo.