Betri zipimwe zikiwa kazini, si zikiwa zimelala

Mkulima wa Kasulu hakubali gunia lake la maharage linunuliwe kwa kukadiriwa kwa macho. Anadai mizani, na Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002 kusimamia haki hiyo. Lakini mkulima huyo huyo akiingia dukani kununua betri nne za redio, hulipa fedha yake kwa kuangalia ganda tu. Siku chache baadaye redio inaanza kukwaruza, naye hana pa kulalamikia.

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, na hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, nguzo za umeme hazimfuati mkulima shambani. Anayelinda mihogo dhidi ya nguruwe pori usiku anahitaji tochi, na anayesikiliza bei za mazao akiwa mbali na nyumbani anahitaji redio. Kwa watu hawa betri ni gharama ya uzalishaji, sawa na mbolea na magunia.

Tatizo ni kwamba hata betri inapopimwa, mara nyingi hupimwa vibaya. Fundi hugusisha testa kwenye ncha mbili, husoma volti 1.5 na kusema betri ni nzima. Kipimo hicho kinaonyesha betri ikiwa imelala. Kila betri ina ukinzani wa ndani, yaani kizuizi kinachobana umeme unapotoka. Betri inapotumika, au inapokaa muda mrefu dukani chini ya bati lenye joto, kemikali zake huchakaa, unyevu wake hupungua na ukinzani huo huongezeka. Volti zitasomeka vizuri, lakini redio ikiongezwa sauti zinaanguka.

Dawa yake ni rahisi. Fundi asome kwanza volti za betri ikiwa peke yake. Kisha aunganishe rezista ya omu 5 kati ya ncha mbili na kusoma tena kwa sekunde mbili. Tuseme betri mbili zote zilisoma 1.5. Moja ikishuka hadi 1.4, ukinzani wake wa ndani ni chini ya nusu omu, na hiyo ni nzuri. Nyingine ikishuka hadi 1.25, imepoteza robo volti wakati robo ampea inapita: ukinzani wake umefika omu 1. Hiyo imechoka.

Faida yake ni ya fedha. Katika redio betri hupangwa kwa mfuatano, hivyo moja iliyochoka huzidhoofisha zote. Wengi hutupa nne kwa kosa la moja. Anayepima huondoa ile mbovu na kuweka nyingine yenye hali inayolingana na zilizobaki. Iliyoondolewa nayo inaweza kuendesha saa ya ukutani kwa muda, kwa kuwa saa hutumia umeme kidogo sana.

Kipimo hiki pia kinaeleza desturi ya kuanika betri juani. Joto hupunguza ukinzani kwa muda mfupi, ndiyo maana redio huongea tena. Lakini halirudishi nguvu iliyokwisha, na betri iliyochoka ikipashwa joto huweza kuvuja na kuharibu redio yenyewe.

Wenye maduka watasema kupima kunawapotezea muda na kumaliza betri. Sekunde mbili hazimalizi betri, na rezista ni kifaa cha bei ndogo ambacho fundi redio yeyote anacho. Zaidi ya hapo, muuza duka naye hununua kwa jumla bila kupima. Akichukua betri chache kutoka kila boksi na kuzipima, atajua mapema mzigo uliolala ghalani, na atakuwa na hoja ya kuurudisha kabla lawama za wateja hazijamfikia.

Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC) zina wajibu wao dhidi ya bidhaa hafifu na bandia, lakini haziwezi kusimama kwenye kila kaunta ya gulio. Ni vyema maofisa biashara wa wilaya hizi mbili wakahimiza kila duka la betri liwe na testa na rezista mezani. Mnunuzi naye adai betri ipimwe mbele yake kabla hajalipa, kama anavyodai mizani anapouza maharage.