Krismasi: Agano la Upande Mmoja

Desemba huku Nyanda za Juu Kusini haina nafasi. Mvua imeanza, mahindi yanapandwa, mbolea inatafutwa, na mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu Iringa, Makambako na Mbeya. Ni msimu wa makubaliano pia. Shamba la kukodi huandikiwa karatasi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na kila upande hutia saini. Mmoja akikiuka, karatasi imekufa.

Wengi wetu tunamwendea Mungu na karatasi ya namna hiyo: tumesali, tumetoa sadaka, sasa zamu yake. Toleo hili linaikataa fikra hiyo. Katika Mwanzo 15 Abramu anawapasua wanyama vipande viwili, desturi ya wafanya agano, ambao hupita katikati yake. Lakini jua linapozama Abramu ameshikwa na usingizi mzito. Giza linaingia, na kinachopita kati ya vipande ni moto tu. Aliyejifunga ni Mungu peke yake. Ndiyo maana Zekaria, kinywa kilipofunguka, alianza kwa kumsifu Mungu anayekumbuka agano lake na Abrahamu. Mwanawe Yohana alimtaja baadaye. Luka ameyatanguliza hayo kabla ya kutufikisha Bethlehemu, nasi tunayaruka kila mwaka.

Iringa inajua ahadi ya wakubwa inavyokaa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliipa Ujerumani miezi 6 kukabidhi fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe. Wahehe walilipokea Kalenga mwaka 1954. Agano la Abrahamu nalo lilingojewa, tena vizazi kwa vizazi. Ila aliyeahidi alikuja mwenyewe, akazaliwa na mwanamke, akawa mtu wa kuona njaa na wa kufa. Kwangu huo ndio uzito wote wa sikukuu hii.

Sharika nyingi hubatiza watoto siku ya pili ya Krismasi. Mtoto wa miezi 3 hana imani ya kukiri wala sadaka ya kutoa. Maji ya baridi yakimgusa analia, na jina lake linatajwa vilevile. Sijui mahubiri ya Krismasi yaliyo wazi kuliko hayo. Ndugu zetu Wapentekoste, ambao hapa Mbeya ni wengi, wanasema ubatizo umsubiri mtu aamini kwanza. Hoja yao ni nzito, na kurasa zinazofuata zinaijibu kwa heshima.