Si Ndani ya Kontena

Tangazo lenyewe nililitafsiri mimi, kwa hiyo nikianza kulaumu nianze na mkono wangu.

Ilikuwa likizo ndefu. Hosteli ninayokaa hapa Kampala ilikuwa inakarabatiwa: jiko la zamani nyuma ya jengo linabomolewa, vitanda vilivyovunjika vinatolewa, taa na nyaya zinang'olewa. Mwenye hosteli akakodi kontena la taka, lile sanduku kubwa la chuma lililo wazi juu, ambalo lori hulishusha tupu na kurudi kulichukua likijaa. Ubavuni palibandikwa karatasi ya Kiingereza yenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa. Vibarua waliokuja kubomoa walikuwa Wakongo wa upande wa Bukavu. Kiingereza hawasomi, Luganda wanababaisha. Msimamizi akanigongea mlango. "Wewe si ndiye unayesoma Kiswahili? Tusaidie."

Nikasaidia, tena kwa fahari. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa tafsiri, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu asiye mwalimu kunihitaji kwa ajili ya Kiswahili changu. Nikapima "hairuhusiwi" na "marufuku", nikachukua "marufuku" kwa sababu ya uzito wake. Udongo na kifusi kupita nusu ya kontena: marufuku. Mitungi ya gesi, betri za gari, rangi na mafuta, matairi, taa za mirija, dawa na sindano, asbesto: marufuku.

Kibarua mmoja, mtu wa umri wa baba yangu, aliifuata orodha yote kwa kidole. Kisha akatazama paa la jiko, ambalo walikuwa wameshaanza kulishusha. Lilikuwa la asbesto, yale mabati ya kijivu ya zamani ambayo kwa kweli si bati. "Dada," akaniuliza, "bintu hii sasa tutapeleka wapi?"

Najua wahadhiri wangu wangepiga mstari mwekundu chini ya "bintu hii". Lakini katika yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo lililokuwa swali lenye akili, na mimi mwenye sarufi safi sikuwa na jibu. Nikampelekea msimamizi. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Si ndani ya kontena."

Hadi jioni yale mabati yalikuwa yamevunjwavunjwa kwa nyundo ili yaenee katika shimo la msingi wa jiko, yakafukiwa. Asbesto ikiwa nzima na imetulia paani haina fujo kubwa. Ikivunjwa ndipo nyuzi zake zisizoonekana kwa macho huruka, na mtu akizivuta huweza kukaa nazo mapafuni miaka mingi kabla hazijamletea saratani. Wale baba zangu walijifunga fulana mdomoni. Dirisha langu linatazama shimo hilo. Na angalieni: hakuna aliyevunja amri. Tangazo langu lilitiiwa neno kwa neno.

Ndiyo maana nasema tangazo la namna hii si kanuni ya usafi hata kidogo. Ni hati ya kujikinga. Isome tena kwa jicho la mwenye lori. Kwa nini udongo umetangulia, kitu ambacho hakina sumu wala moto? Kwa sababu mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Kontena la mita 6 za ujazo likijazwa udongo hukaribia tani 9, na lori linashindwa kulinyanyua. Mtungi wa gesi umekatazwa kwa kuwa unaweza kulipuka ukigongwa, rangi kwa kuwa inamwagika barabarani. Makatazo haya ni ya haki, siyapingi. Dereva naye ni mtoto wa mtu. Ninachopinga ni orodha kukoma palepale hatari inapomtoka mwenye kontena na kumhamia mwingine. Betri ya gari ina risasi na asidi ya salfa. Isipoingia humu itakaa wapi? Taa ya mrija ina zebaki. Tairi lililotupwa mtaroni hushika maji ya mvua, na mbu hawahitaji mwaliko. Karatasi imenyamaza. Na kama mjini kuna mahali panapopokea vitu hivyo, karatasi haikupataja, wala namba ya simu ya kuuliza haikuwekwa.

Katika mdahalo wa darasa letu, mwenzangu mmoja alisimama akasema tatizo la taka ni tabia: watu wa Kampala wamezoea uchafu, waelimishwe. Alipigiwa makofi mengi. Nami nilipiga, kwa kuwa anazungumza vizuri. Siku hizi nikilikumbuka lile neno "waelimishwe" naona aibu. Yule kibarua alihitaji elimu gani? Alisoma, akaelewa, akauliza swali ambalo aliyeandika orodha hakujiuliza. Aliyekosa tabia hapo ni nani?

Tazameni pia upande wa vinavyoruhusiwa, maana huko kuna kichekesho. Maganda ya matoke yanaruhusiwa, kwa kiasi chochote. Hosteli yetu ikipika Jumapili, maganda yanajaza magunia, yanamwagwa kontenani juu ya karatasi, chupa na magodoro. Baada ya siku mbili karatasi imeoza, chupa imepakaa uozo, na maganda yenyewe, ambayo mwenye ng'ombe au mbuzi pembezoni mwa mji angeyachukua kwa furaha, hayafai tena hata kwa mnyama. Yakifukiwa chini ya lundo mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya methani. Basi kitu kisichopaswa kuwa taka kabisa ndicho kinachokaribishwa, na kile chenye sumu kinafukuzwa kikatafute kwao. Kiswahili kina utani wake: uchafu ni taka, na shina la kutaka ni hilohilo. Kontena nalo lina ya kwake linayoyataka.

Kila kinachopakiwa kina mahali kinaposhushwa. Kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa Kiteezi, kaskazini ya mji, dampo lililofunguliwa mwaka 1996. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule wa taka uliporomoka juu ya nyumba na watu. Zaidi ya 30 walikufa. Tuliomboleza, tukalaumu viongozi, na walistahili lawama. Lakini uzito wa mlima ule ulitoka kwetu. Sehemu kubwa ya taka za mji huu ni mabaki ya chakula na maganda, vitu vyenye maji, vilivyopandishwa kule tani kwa tani kwa sababu hakuna karatasi iliyosema "marufuku". Na kule juu walikuwepo waokota plastiki na vyuma, wanaopekua kwa mikono mitupu. Sindano iliyofichwa chini ya godoro ili msimamizi asiione haimchomi mwenye kontena. Inamchoma huyo.

Nimeambiwa na mwenye hosteli mwenyewe, kwa upole, kwamba kuita watu wenye vifaa vya kuondoa asbesto kungepandisha kodi ya vyumba. Huenda. Lakini gharama haikufutika kwa kufukiwa. Imebadilisha tu mlipaji, na mlipaji mpya hakuulizwa. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inamwekea anayezalisha taka wajibu juu ya taka zake. Haisemi kwamba wajibu huo unaisha kontena likishakataa.

Ninachodai si kikubwa. Anayekodisha makontena asipewe kibali kama tangazo lake halitaji, mbele ya kila kilichokatazwa, mahali kinapopokewa na bei yake. Liandikwe kwa lugha za wanaobeba, si za wanaolipa peke yao; hapo sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi, na tusiifanye kama nilivyoifanya mimi. Maganda yatengewe gunia lao. Na mwenye jengo lenye asbesto aulizwe itakwenda wapi kabla nyundo haijanyanyuliwa. Rwanda, jirani yetu, wana kiwanda cha taka za elektroniki wilayani Bugesera. Simu iliyokufa huko ina anwani ya kwenda.

Wale vibarua walimaliza kazi wakaondoka, na sikupata hata kuwauliza majina. Palipokuwa jiko pamesawazishwa, mtu amepanda dodo na vitunguu. Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilipofungua dirisha, kati ya mistari miwili ya vitunguu, kona moja ya kijivu ilikuwa imechomoza.