Mapishi ya wazee: tuulize sanad yake



Siku hizi bibi harusi huzawadiwa kitabu cha mapishi pamoja na kanga na vyombo. Ni zawadi njema. Lakini vingi katika vitabu hivyo hubeba dai zito: kwamba yaliyomo ndiyo mapishi halisi ya pwani, kama walivyopika wazee wetu. Dai hilo ni habari ya watu waliokwishatangulia mbele ya haki, na Surat al-Hujurat imetufunza kuichunguza habari kabla ya kuipokea.

Wanavyuoni wa hadithi hutazama mambo mawili: sanad, yaani nani kapokea kwa nani, na matini, yaani maneno yenyewe. Hatulinganishi chungu na maneno ya Mtume (s.a.w.), twaazima adabu ya uchunguzi tu.

Tuanze na matini. Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, yapo magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya Waislamu wa zama za karne ya 14 na ya 15. Kitabu kikitwambia kuwa wazee hao walikula ugali wa mahindi, au bada ya muhogo kwa mchuzi wa nyanya na pilipili hoho, kimewasingizia. Vitu vyote vinne asili yake ni Amerika, na havikuvuka bahari ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ametaja alivyoviona: Mogadishu, wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama na samaki, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, Mombasa, ndizi na samaki ndivyo vilivyokuwa chakula kikubwa cha watu.

Je, samaki wa kupaka mwenye pilipili si wetu tena? La hasha. Wahungaria hujivunia mchuzi wao wa gulashi, mwekundu kwa paprika, na paprika ni pilipili hiyo hiyo ya Amerika, iliyoenea kwao zama za utawala wa Waturuki. Hakuna awanyang'anyaye gulashi yao. Chakula huwa cha watu kwa kupikwa na kurithishwa, ijapokuwa mbegu yake ni mgeni. Lawama ni kumzulia aliyekufa, si kupika kigeni.

Kipimo cha pili ni mkono. Mpishi wa kweli hukwambia samaki achemke kwa tui jepesi, tui zito liingie mwisho, na mwiko usitulie mpaka mchuzi utokote, ama tui litakatika. Kitabu kinachosema "tia nazi" na kunyamaza, aghalabu mwandishi wake hakukaa juu ya mbuzi.

Tatu ni sanad. Je, mwandishi amemtaja aliyemfunza, na mji wake? Mkate wa kumimina wa nyumba hii si lazima ufanane na wa jirani, na wote wawili waweza kuwa sahihi. Anayeandika "hivi ndivyo alivyopika bibi yangu" amesema analolijua. Anayeandika "hivi ndivyo wapikavyo Waswahili wote" amejitwika ushahidi asioweza kuutoa.

Wala uhalisi si uhalali. Pishi la kigeni laweza kuwa halisi kabisa na likawa na mvinyo au mafuta ya nguruwe, kama yalivyo mapishi mengi ya Hungaria. Hilo tuliache, hata likisifiwa vipi.

Jambo hili lina haraka. Maadamu bibi yu hai, kitabu kikikosea yupo wa kukisahihisha. Akishafariki, kitabu ndicho kitakachobaki shahidi, na wajukuu watakiamini. Basi wiki hii mzazi na akae na binti yake, na mwanawe wa kiume pia, wachukue daftari na kumwendea mkongwe wa nyumba. Waandike jina lake, mji wake, chungu atumiacho, na vipimo kama avisemavyo mwenyewe: akisema kibaba, iandikwe kibaba, akisema pishi, iandikwe pishi, nayo ni vibaba vinne, kama tuijuavyo katika Zakatul-Fitri. Akisema "kwa kiasi", aombwe apime mbele yao.

Allah awarehemu waliotulisha, na atujaalie kuwa wakweli katika kuwasimulia. Amin.