Kengele Ikilia Kila Saa, Nani Ataamka?

Jamani, nimechoka kusikia kwamba mafundi wa mitandao ni wazembe wa kujibu simu. Uzembe wenyewe uko kwenye faili za Nagios.

Yamenikuta. Usiku mmoja stima ilipotea kwa mteja wangu. Swichi moja ikazima, na seva zote zilizo nyuma yake zikaanza kuniletea ujumbe, kila moja wake. Nikazima rununu, nikalala. Stima ikarudi. Alfajiri diski ya hifadhidata ikajaa. Ujumbe ulitumwa, sikuuona. Aliyeniamsha ni mteja, mlangoni.

Dawa tunayo, tunaipuuza. Weka max_check_attempts iwe 4 na retry_interval iwe 1: baada ya kosa la kwanza, Nagios hurudia ukaguzi mara 3, kila baada ya dakika 1, ndipo ikuarifu. Hitilafu ya sekunde chache hujifia yenyewe. Kwenye parents, taja swichi iliyo mbele ya kila seva. Swichi ikianguka, seva huhesabiwa UNREACHABLE, si DOWN. Ondoa herufi u kwenye notification_options na kelele zake zimekwisha. Yanayoweza kungoja asubuhi, yawekee notification_period ya saa za kazi.

Wapo wanaosema heri kelele mia kuliko kukosa ujumbe mmoja. Mimi niliukosa huo mmoja kwa sababu ya hizo mia! Ujumbe usiomtaka mtu ainuke kitandani afanye jambo, usiutume usiku.

Fungua faili yako leo, kabla mteja hajakugongea.