Nani kasema lugha ndogo humfunga msanii?

Kuna wasomi ambao wakisikia mchezo wa kuigiza umeandikwa kwa lugha ya mkoani, wanatikisa kichwa. Eti msanii anajifungia. Eti ukitaka dunia ikusikie, andika Kiingereza. Mimi nakataa, na mashahidi wangu leo natoa India.

Wa kwanza ni Habib Tanvir, mzaliwa wa Raipur. Miaka ya 1950 alikwenda Uingereza kusomea sanaa za jukwaani. Aliporudi nyumbani akawachukua waigizaji wa vijijini kutoka Chhattisgarh, mafundi wa nacha, maigizo ya kienyeji yenye nyimbo, ngoma na vichekesho. Mwaka 1959 kikazaliwa kikundi cha Naya Theatre. Lakini kukawa na tatizo: watu waliokuwa moto kijijini walipoa jukwaani. Kwa nini? Walitakiwa kuigiza kwa Kihindi, tena wasimame pale mwongozaji alipowapangia.

Miaka ilipita kabla Tanvir hajagundua kwamba kasoro ni yake, si yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawaachia waseme Kichhattisgarhi na watembee watakavyo. Mwaka 1975 ukatoka mchezo wa Charandas Chor, habari za mwizi aliyeapa kutosema uongo, na kiapo kikamponza mpaka akauawa. Mwaka 1982 mchezo huo, kwa lugha ileile ya kijijini, ukazoa tuzo ya Fringe First huko Edinburgh. Haya, nani alifungiwa?

Shahidi wa pili ni serikali ya kikoloni yenyewe. Mwaka 1860 Dinabandhu Mitra aliandika Nil Darpan kwa Kibengali, akianika mateso ya wakulima waliolazimishwa kulima nili. Mwaka uliofuata mmisionari James Long akatupwa jela mwezi mzima kwa kuchapisha tafsiri yake ya Kiingereza. Mwaka 1872 mchezo ukaonyeshwa Calcutta kwa watazamaji wa kulipa kiingilio. Mwaka 1876 ikaja sheria ya kuipa serikali nguvu ya kupiga marufuku maigizo. Jamani, sheria ile haikutungwa kwa kumwogopa Shakespeare! Waliogopa maneno ambayo mkulima angeyaelewa bila mkalimani.

Najua mtaniuliza: na jirani asiyejua lugha hiyo je? Jibu ni tafsiri. Girish Karnad alisoma Oxford, lakini Tughlaq ya mwaka 1964 aliiandika kwa Kikannada, kisha akaitia mwenyewe katika Kiingereza. Tazama mpangilio: kwanza watu wake, halafu dunia.

Sisi tuliokwenda shule tunapenda kugeuza mpangilio huo. Tunaanza na mgeni, na wa nyumbani tunamwachia makombo. Halafu tunashangaa viti vitupu ukumbini.

Au nakosea? Semeni nanyi.