Si kila montaji ni uongo

Ndugu wasikilizaji, nanyi mlio kambini na katika familia zilizowapokea, kuna neno vijana wetu wanalitumia kila siku: montaji. Waonyeshe picha ya mtu aliyesimama mwezini, watacheka: "Papa, hiyo ni montaji." Lakini video ya mlipuko ikifika kwenye WhatsApp usiku, hakuna anayeuliza kitu. Watu wanafunga mizigo. Mama mmoja ninayemfahamu aliacha maharagwe motoni akatembea na watoto mpaka asubuhi. Kumbe video ile ilitoka nchi nyingine kabisa.

Tunakataa ya kweli, tunaamini ya uongo. Mimi naona filamu za anga zinaweza kutufundisha kutofautisha, maana ndani yake ukweli na ujanja wa picha vinakaa pamoja.

Tuchukue sauti. Sauti inahitaji hewa ili isafiri, na huko juu hewa hakuna. Vyombo vya Star Wars (1977) vinalipuka kwa kishindo kikubwa. Tunafurahi, lakini si kweli. Stanley Kubrick, katika 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, alimtoa mtu nje ya chombo akatuachia pumzi zake tu. Ukimya ule unatisha kuliko kishindo.

Tuchukue kuelea. Waigizaji wa Apollo 13 (1995) walipandishwa ndege ya NASA iliyokuwa ikipanda na kushuka, na kila mara wakaelea kweli kwa sekunde kama 25. Katika Gravity (2013) kuelea kulitengenezwa kwa mitambo na kompyuta, lakini vitu vinapasuka bila kishindo, jinsi inavyopaswa. Filamu hiyo hiyo inakosea pale watu wanapotoka kwenye darubini ya Hubble mpaka kituo cha kimataifa kwa mtambo wa kubeba mgongoni. Vitu hivyo viwili vinazunguka dunia kwa njia tofauti kabisa. Mtambo ule hauwezi kuwafikisha.

Mfano mzuri zaidi ni shimo jeusi la Interstellar (2014). Lilichorwa na kompyuta kwa hesabu za mwanafizikia Kip Thorne. Mwaka 2019 wanasayansi walitoa picha ya kwanza ya shimo jeusi la kweli: duara la mwanga lenye giza katikati, upande mmoja uking'aa zaidi. Watengenezaji wa filamu walijua kuhusu upande huo, lakini waliuondoa ili watazamaji wasichanganyikiwe. Basi montaji inaweza kubeba ukweli mwingi, na bado ikaficha kidogo.

Kwa hiyo swali si "Ni montaji?" Swali ni "Inakubaliana na yale tunayoyajua?" Waliofika mwezini waliacha vioo, na mpaka leo vioo hivyo vinarudisha mwanga wa leza unaotumwa kutoka duniani. Hapo kijana wetu hana budi kunyamaza.

Na ile video ya usiku? Tuipime vilevile. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mlipuko ulio kilomita tatu, unaona mwanga kwanza; kishindo kinakuja kama sekunde tisa baadaye. Kama video inaonyesha moto ng'ambo ya mlima na kishindo kinatoka papo hapo, ujue kuna mtu amegusa sauti. Uliza pia: nani ameituma, ameipata wapi, kilima hiki ni cha kwetu?

Sisemi mtu abaki nyumbani akisikia risasi kwa masikio yake. Akimbie. Ninachosema ni kwamba mtengenezaji wa filamu anatuambia mapema kwamba ni filamu. Anayetutumia mlipuko wa nchi nyingine na kuuita wa kwetu hatuambii kitu, na wanaolipa ni watoto wanaotembea usiku. Wazazi, mkiangalia filamu pamoja nao, waulizeni: hapa kweli ni ipi? Wakizoea swali hilo kwenye sinema, watalikumbuka simu ikilia usiku.